Bilauri za Rangi na Mafundi wa Nyumbani

Siku ya jubilei ya ndoa ya wazee wawili wa parokia yetu, akina mama walileta zawadi ya bilauri sita. Walikuwa wamezinunua sokoni zikiwa tupu, wakazipamba wenyewe nyumbani: maua mekundu, majani ya kijani, na majina ya mume na mke yameandikwa kwa rangi nyeupe. Sote tulizisifu. Baada ya majuma matatu tulipita kuwasalimu wazee wale, tukapewa maji katika bilauri mojawapo. Jina la mzee lilikuwa limebaki nusu, na vipande vya maua vilikuwa vinaelea katika beseni la kuoshea vyombo. Mama mwenye nyumba akacheka, akasema: «Mwalimu, leo utakunywa maua.»

Tulipouliza, tuliambiwa kwamba rangi ile ilikuwa ya kupakia milango, iliyobaki koponi. Tulirudi nyumbani na neno la yule mama. Maana tulipokuwa seminarini tulifundishwa habari za madirisha ya makanisa ya Ulaya, ambayo picha zake zimepigwa na mvua na jua miaka mia saba na zaidi, na bado watakatifu wanaonekana nyuso zao. Kioo ni kioo. Kwa nini hapa rangi inashika, na pale inabanduka? Basi, wasomaji wapenzi, tufuate habari hiyo tangu mwanzo wake.

Karibu mwaka 1120, katika nchi ya Ujerumani, mtawa mmoja aliyekuwa padri, aliyejiita Theophilus, aliandika kwa Kilatini kitabu cha kazi za mikono. Humo anaeleza jinsi ya kutengeneza rangi ya kuchorea juu ya kioo. Twaa shaba nyembamba, uichome mpaka iwe unga. Twaa vipande vya kioo cha kijani na cha buluu, uvisage juu ya jiwe gumu. Changanya vitu hivi vitatu sawasawa, uviloweshe kwa divai au kwa mkojo, kisha uchore. Msishangae habari ya mkojo. Mafundi wa zamani walitumia kilichokuwa karibu. Baada ya kuchora, kioo kinatiwa tanuruni. Mtawa huyo anasimulia pia kwamba Wagiriki walipamba vikombe vya kioo kwa dhahabu na kwa rangi za kioo kilichosagwa, wakavipitisha motoni.

Hapo ndipo siri ilipo. Rangi ile si rangi kama ya mlango. Ni kioo chenyewe, kimesagwa kuwa unga na kuchanganywa na madini yanayotia rangi. Fundi anaongeza pia kitu cha kuifanya iyeyuke upesi, na kwa karne nyingi kitu hicho kilikuwa risasi. Bilauri ikipata moto wa karibu digrii 600, unga ule unayeyuka na kushikamana nayo, nayo yenyewe haijayeyuka bado. Nafasi iliyopo kati ya moto huo na moto wa kuiharibu bilauri ni ndogo sana. Fundi akizidisha kidogo, bilauri inainama kama mshumaa juani. Akipunguza, rangi haishiki. Wala hakuwa na kipimo cha digrii. Alichungulia rangi ya moto kwa jicho.

Kuhusu madini hayo, hatuwezi kupita bila kutaja moja. Buluu nzuri kuliko zote hutoka katika kobalti. Wachoraji wa Ujerumani waliipata katika milima ya Saksonia, hasa Schneeberg, ambako wachimbaji waliidhania ni hila ya pepo wa chini ya ardhi, wakaipa jina la pepo huyo. Sisi wa Kongo hatuhitaji kuambiwa kobalti ni nini, maana ndiyo ile inayochimbwa Kolwezi, nayo siku hizi hupelekwa ng'ambo kutengenezewa betri.

Sasa tuziangalie bilauri zenyewe. Katika karne ya 13 na ya 14, mafundi waliowashinda wengine wote walikuwa wa Siria na Misri. Walipamba taa za misikiti na vikombe vya kunywea kwa dhahabu, buluu, nyekundu na nyeupe. Wasafiri wa Ulaya walivibeba vikombe hivyo kama hazina. Kimoja kilifika kaskazini ya Uingereza, katika nyumba ya kitajiri iitwayo Edenhall, kikakaa huko karne nyingi. Katika karne ya 15 kilitengenezewa mfuko wa ngozi ngumu, na juu ya kifuniko chake wakaandika herufi za Jina Takatifu la Yesu. Familia iliamini kwamba kikombe hicho kikivunjika, na bahati ya nyumba itakwisha. Nyumba ya Edenhall imekwisha kubomolewa. Kikombe ni kizima: kilinunuliwa mwaka 1958 na jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London, na hakina hata ufa.

Kutoka mashariki kazi hiyo ilishika mizizi Venezia. Mwaka 1291 serikali ya mji ule iliamuru matanuru ya kioo yahamishiwe kisiwa cha Murano, kwa kuogopa mji usiungue. Hati za Murano zinataja wachoraji wa bilauri, watu ambao hawakupuliza kioo bali walinunua bilauri tupu na kuzichora. Bilauri moja ya karne ya 14, iliyoko leo London katika British Museum, imeandikwa kwa Kilatini kwamba imefanywa na fundi Aldrevandin. Inasema yenyewe, kana kwamba ina kinywa.

Lakini mafundi tunaowapenda zaidi ni wale wa Ujerumani na Bohemia, kwa sababu walifanya kazi nyumbani mwao, kama akina mama wetu. Viwanda vya kioo vilikuwa msituni, penye kuni. Mchoraji alikaa mjini, akanunua bilauri tupu, akachora mezani kwake mbele ya dirisha, kisha akazitia katika tanuru dogo. Ndani ya tanuru hilo mliwekwa sanduku la udongo. Moto ulizunguka nje, moshi usizifikie bilauri. Wajerumani waliwaita wachoraji hao kwa jina la nyumba: Hausmaler, yaani wachoraji wa nyumbani. Wenye viwanda vya vyombo vya kauri hawakuwapenda, maana waliwanyang'anya faida.

Johann Schaper, aliyefariki Nuremberg mwaka 1670, alitwaa ile rangi nyeusi ya madirisha ya makanisa akaileta kwenye vikombe vidogo vya divai. Juu ya kikombe kisichozidi kiganja alichora mito, miti na mashua, na alipotaka mwanga alikwaruza rangi kwa ncha ya sindano kabla ya kuichoma. Yeye hakujali zile bilauri kubwa za bia zenye tai wa vichwa viwili, zinazojaa lita tatu hata nne, walizozipenda watu wa wakati ule. Kwa maoni yetu alifanya vema. Ukubwa si uzuri.

Wengine, ili kukwepa hasara ya moto, walipaka rangi ya mafuta bila kuichoma. Katika majumba ya makumbusho bilauri hizo zipo, na nyingi zimebaki na madoa tu mahali palipokuwa na picha. Tazameni, hata wao walikunywa maua!

Baadaye, karibu mwaka 1806, Samuel Mohn wa Dresden alianza kuchora bilauri kwa rangi zinazopitisha mwanga, kama zile za madirisha, si zile nzito zinazofunika kioo. Alichora miji, na watu waliopita mjini wakanunua bilauri ili kuwapelekea jamaa zao. Mwana wake Gottlob, aliyejifunza kwake, alikwenda Vienna mwaka 1811. Huko alitengeneza pia madirisha ya ngome ya Kaisari huko Laxenburg, akafa mwaka 1825 kabla hajafikisha miaka arobaini. Anton Kothgasser, mchoraji katika kiwanda cha kauri cha Kaisari, alijifunza kazi hiyo kwake, akawa anachora bilauri nyumbani na kuwauzia watu huko huko. Picha aliyoirudia mara nyingi ni ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano. Paa la kanisa lile liliungua Aprili 1945, na Misa zikarudi humo kikamilifu mwaka 1952. Bilauri za Kothgasser zinatuonyesha kanisa kama alivyoliona yeye, kabla ya moto ule.

Tusifiche upande wa pili. Risasi iliyorahisisha kazi ya mafundi hao ni sumu, na kwa watoto ni mbaya kuliko kwa watu wazima, kwa sababu inadhuru ubongo unaokua. Wala tusidhani ni mambo ya kale. Mwaka 2010 huko Marekani kampuni moja kubwa ya vyakula iliwaomba watu warudishe bilauri milioni 12 zenye picha za watoto, kwa kuwa rangi iliyopakwa nje ilikuwa na kadimi, madini mengine yenye sumu. Kama kiwanda kikubwa kiliteleza hivyo, kopo la rangi ya mlango litakuwaje? Tulirudi kwa wazee wetu tukawaeleza hayo. Bilauri tano zilizosalia zimewekwa kabatini kwa ukumbusho, hakuna anayezinywea.

Akina mama hawakufurahi sana kwanza, na tunawaelewa: fedha yao na jioni zao zimo mle. Lakini hawakuacha kazi. Wamepata rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya kioo, zile za maji, ambazo hazihitaji moto wa digrii 600. Huachwa zikauke siku nzima, kisha huokwa katika tanuru ya kawaida ya mikate. Aina waliyoinunua yahitaji digrii 160 kwa dakika arobaini. Aina nyingine zina hesabu nyingine, imeandikwa juu ya chupa. Wanachora nje tu, kamwe si ndani, na chini ya ukingo wanaacha sentimeta mbili bila rangi yoyote, mahali midomo inapogusa. Kabla ya kuchora wanasugua kioo kwa spiriti, maana alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuizuia rangi isishike.

Bilauri ya kwanza ilipasuka. Waliitia katika tanuru iliyokwisha kupata moto. Ya pili waliiweka tanuru ikiwa baridi, wakawasha, na baada ya kuzima wakaiacha humo mpaka asubuhi. Imeoshwa kila siku tangu Pasaka, na ndege aliyechorwa juu yake bado ana mabawa mawili.