Shikamoo na Mkono wa Mwenzi

Miongoni mwa maamkio ya Kiswahili hapana lizushalo ubishi kama shikamoo. Wako watakao liachwe kwa kuwa lilikuwa la watumwa, na wako wasemao kwamba kijana asiyelitamka hakulelewa. Madai yote mawili yafaa yapimwe kwa historia.

Kuhusu asili, ushahidi ni mzito. Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, alilieleza kuwa ni amkio la mtumwa kwa bwana wake, akalifasiri kwa nashika miguu. Jibu lake, marahaba, lina asili ya Kiarabu, ambako ni neno la kumkaribisha yeyote, mkubwa kwa mdogo. Waliokuwa sawa waliamkiana kwa sabalkheri na masalkheri, au wakajuliana hali kwa hujambo na sijambo, yaani kuulizana kama limempata mtu jambo, na kukana. Hao walipeana mkono wa kulia. Na hata leo pwani utamwona mtu akishapeana mkono aurudisha kifuani au midomoni. Basi mguu ulikuwa wa bwana, mkono ulikuwa wa mwenzi.

Sheria iliufuta utumwa Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Mtu angedhani neno nalo lingezikwa pamoja na mabwana. Halikuzikwa. Lilipanda bara pamoja na lugha yenyewe, na huko likakuta watu ambao tangu zamani walimtukuza mzee kwa maamkio. Usukumani na Uhayani, kwa mfano, mwanamke hupiga goti. Likavikwa maana waliyokuwa nayo tayari: umri ukashika mahali pa umilikaji. Waziri humwamkia shangazi yake mkulima, wala hapana anayedhani kwamba shangazi amemnunua. Kwa maoni yangu wanaotaka neno lifutwe wanashitaki marehemu.

Mambo hayakwenda hivyo kila mahali. Nairobi wengi hawalitumii. Mkono hutolewa kwa wote, hata kwa mtoto, pamoja na habari yako. Kwa hiyo Mtanzania huona Mkenya huyo amemvunjia mzee heshima, ilhali Mkenya anaona amempa mzee huyo heshima yake yote. Hapo lugha ni moja, adabu mbili.

Shida kubwa zaidi ni baina ya marafiki waliopishana miaka mitatu au minne. Nani amwamkie nani? Mkono wenyewe nao haukosi daraja, maana mdogo huushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto anapoutoa. Hapo ndipo mambo na poa ya vijana yanapofaa: hayamuulizi mtu alizaliwa lini. Wasanifu wa lugha huyaita ya mitaani, nayo ni kweli. Lakini yanafanya kazi ambayo shikamoo haiwezi. Marafiki hao hao humtupia mwenzao shikamoo kwa mzaha, akiwa amewashinda kwa mavazi au kwa fedha, naye huitikia marahaba bila kusita.

Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipotisha, Rais John Magufuli na Maalim Seif Sharif Hamad walionekana Ikulu, Dar es Salaam, wakisalimiana kwa kugusanisha miguu. Hapana aliyeshika mguu wa mwenziwe. Kila mmoja alitoa wa kwake.