Kila Mstari wa Ankara ya Meli Una Mwaka Wake

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi Kimbiji. Saruji iliyopangwa barazani imetengenezwa papo hapo, kwenye kiwanda cha Lake Cement kinachotoa saruji ya Nyati, na haikupanda meli. Lakini masinki, koki, taa za dari na baadhi ya marumaru zilizomo ndani zimetoka China, zikashushwa bandari ya Dar es Salaam, zikapitia bandari kavu, ndipo zikapakiwa kwenye kenta kuja huku kusini mwa Kigamboni. Ndani ya bei ya kila kimoja imo nauli ya bahari, na walio wengi wanaoilipa hawajawahi kuonyeshwa ilivyokokotolewa.

Inafaa waonyeshwe. Ankara ya meli haikuandikwa siku moja. Mistari yake imeongezwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa msukosuko wake, na mingi ilibaki hata msukosuko ulipokwisha. Sehemu ya historia hiyo imepita mbele ya Kimbiji yenyewe, kwani vyombo vinavyotoka Mafia, Rufiji na Kisiju kwenda Dar es Salaam havina budi kuikata Ras Kimbiji.

Kabla ya ankara kulikuwa na mapatano ya ufukweni. Boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Pembe za ndovu na karafuu zilikwenda kwa frasila, kama kilo 16 hivi. Nafaka ilipimwa kwa pishi, na pishi 60 zikafanya jizla. Huko Ghuba, ukubwa wa jahazi ulitajwa kwa idadi ya vifurushi vya tende linavyoweza kubeba, na nahodha akikutajia idadi hiyo umeshajua chombo chake ni cha namna gani. Kila bidhaa ilikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kilijulikana kwa pande zote mbili.

Aliyeshika bei hasa alikuwa upepo. Majahazi ya Uarabuni yalishuka na kaskazi, na ilibidi yawe yamepakia kusi ikianza kuvuma. Nahodha aliyechelewa kujaza ngama alipunguza madai yake, na mwenye mzigo aliyekuja mwisho wa msimu akakuta nafasi imekwisha. Alan Villiers, baharia na mwandishi mzaliwa wa Australia, aliyaona haya kwa macho yake mwaka 1938 na 1939 alipopanda jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi kutoka Aden hadi Unguja na Rufiji, kisha akarudi nalo hadi Kuwait. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka 1940. Mabaharia wale hawakuwa na mshahara. Mapato ya safari yalitolewa gharama za chakula, kisha yakagawanywa mafungu: ya chombo, ya nahodha, ya mabaharia. Kwa hiyo nauli ikishuka, kila aliyekuwemo chomboni aliumia kwa kiasi chake.

Meli za moshi zilivunja utaratibu huo. Meli ya moshi haingojei upepo, ila inakula makaa kila siku, na gharama yake ni karibu ileile iwe imejaa au iko nusu. Kampuni ya British India ya William Mackinnon ilianza safari za kila mwezi kati ya Aden na Unguja mwaka 1872, miaka mitatu baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa. Wajerumani wakafuata na Deutsche Ost-Afrika Linie ya Hamburg mwaka 1890, ikilipwa na serikali yao ruzuku ya maki 900,000 kwa mwaka. Ruzuku hiyo isipite bila kutazamwa. Tangu mwanzo kabisa, nauli ya meli za kisasa katika pwani hii haikuwa hesabu ya makaa na mishahara peke yake. Ilikuwa pia hesabu ya mataifa yaliyotaka kushika biashara na nchi.

Pamoja na meli hizo zikaja kanuni zilizopigwa chapa Ulaya, na ndani yake sheria moja inayotawala mpaka leo: mzigo unalipiwa kwa uzito au kwa ujazo, chochote kile kitakachoipa meli fedha zaidi. Kwa vipimo vya Kiingereza, futi za ujazo 40 zilihesabiwa sawa na tani moja. Leo ni mita moja ya ujazo kwa tani moja, ile ambayo wafanyabiashara wa Kariakoo wanaiita CBM.

Chukua mfano wa mtu anayechangia kontena na wenzake. Ana maboksi 50 ya taa, kila boksi lina urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40. Zidisha 0.6 kwa 0.5 kwa 0.4, unapata 0.12. Mara 50 ni CBM 6. Kila boksi lina kilo 18, kwa hiyo mzigo wote ni kilo 900, haufiki hata tani. Atalipia 6. Mwenzake ana maboksi 200 ya marumaru ya kilo 25 kila moja, jumla tani 5, lakini ujazo wake ni CBM 3.2 tu. Huyu atalipia 5. Mwenye taa analipia hewa iliyomo kwenye maboksi yake, ndiyo maana mwagizaji mzoefu anamsisitizia muuzaji wa kiwandani apunguze ukubwa wa boksi kabla hata ya kubishania bei ya taa.

Bei ya hiyo tani au CBM ilipangwa na nani? Kwa karibu karne nzima, ilipangwa na kampuni zenyewe zikiwa zimekaa meza moja. Mwaka 1875 kampuni zilizosafiri kati ya Uingereza na Calcutta ziliungana kupanga bei, na mtindo huo ukaenea hadi Afrika Mashariki. Mteja mwaminifu alirudishiwa asilimia fulani ya nauli yake, lakini baada ya miezi kadhaa, na kwa sharti kwamba katika muda huo asiwe amepakia hata gunia kwenye meli ya nje ya umoja huo. Ilikuwa kamba nzuri ya kumfungia mtu. Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia zilijaribu kujinasua kwa kuunda shirika lao la meli, Eastern Africa National Shipping Line, mwaka 1966. Lilikufa mwaka 1980. Mimi silihesabu kuwa upuuzi. Nchi zinazouza pamba, kahawa na katani bila kuwa na neno lolote katika bei ya kuzisafirisha zilikuwa na kila sababu ya kujaribu.

Kabla ya makontena, kazi ghali kuliko zote ilikuwa pale bandarini. Dar es Salaam meli zilitia nanga katikati ya bandari, shehena ikashushwa kwenye matishari, kisha makuli wakaipandisha nchi kavu, gunia kwa gunia. Makuli hao waligoma mwaka 1939, 1943 na 1947, na mgomo wa 1947 ulienea hadi bara kwa kufuata reli. Gati tatu za kina kirefu zilifunguliwa mwaka 1956. Mwaka huohuo, tarehe 26 Aprili, Malcom McLean wa Marekani alipakia makontena 58 kwenye meli Ideal X iliyotoka Newark kwenda Houston. Kupakia tani moja ya mzigo wa kawaida kuligharimu dola 5.83. Kwa makontena yake ikawa chini ya senti 16. Dar es Salaam ilikuwa imekamilisha gati za kushushia magunia katika mwaka ambao magunia yalianza kuondoka katika historia.

Kontena lilibadili hata swali la uzito au ujazo. Anayekodi kontena zima la futi 20, lenye nafasi ya kama CBM 33, analipia kontena. Meli haimuulizi amejaza nini, ilimradi hajazidisha uzito. Marumaru hufikisha kikomo cha uzito kontena likiwa bado na nafasi kubwa juu, magodoro hulijaza hadi darini likiwa jepesi.

Nyongeza nazo zilizidi kuzaliwa. Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alipoitangazia nchi hiyo uhuru mwezi Novemba 1965, njia ya Zambia ya kupitia huko ilivurugika, mizigo yake ikamiminika Dar es Salaam, meli zikakaa siku nyingi nangani, na kampuni zikatoza kwa msongamano. Suez ikafungwa Juni 1967 hadi Juni 1975, meli za Ulaya zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na nauli ikapanda. Marekani ilipoacha kubadilisha dola kwa dhahabu mwaka 1971 na sarafu zikaanza kuyumba, ikaja nyongeza ya fedha. Bei ya mafuta ilipopaa mwishoni mwa 1973, ikaimarika nyongeza ya mafuta. Maharamia wa Kisomali, hasa kati ya 2008 na 2012, wakaleta tozo ya hatari. Ukikutana na maneno haya kwenye ankara ya leo, uliza kila moja linalipia nini sasa hivi.

Mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen katika Bahari ya Shamu tangu Novemba 2023 yalionyesha jinsi bei hii inavyosafiri. Mzigo wa Guangzhou unaokuja Dar es Salaam haukaribii Suez. Hata hivyo, meli za Asia na Ulaya zilipoanza kuzunguka Afrika nzima, zilichukua siku nyingi zaidi baharini, meli na makontena matupu vikaadimika, na nauli ikapanda hata kwenye njia ambazo hazikuguswa na kombora. Kuna pia jambo jingine la siku zote: makontena mengi huingia Afrika Mashariki yamejaa na kutoka matupu, na safari hiyo ya kurudi tupu anailipia mwagizaji.

Kisha nauli hiyohiyo inatozwa kodi. Chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, thamani ya mzigo wa meli ni bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Chukua bidhaa yenye ushuru wa asilimia 25. Nauli ikiongezeka dola 100, ushuru unaongezeka dola 25. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya zile 125, nayo ni dola 22.50. Zile 100 sasa ni 147.50, kabla ya tozo za bandari, za bandari kavu, za wakala na za kenta. Mwenye duka Kimbiji anaigawa jumla hiyo kwa idadi ya maboksi, na fundi anayekuja kununua sinki moja analipa sehemu yake.