Kompyuta Zilirekebishiwa Mwaka, Majina Yetu Yakaachwa

Hebu toa kitambulisho chako uangalie. Hilo jina liko pale, ndilo ulilopewa nyumbani? Usijibu haraka. Mimi pia nilidhani ndilo, mpaka Desemba iliyopita nilipoenda Mutomo kumwona susu.

Mimi nakaa Wote, huku Makueni. Susu yuko Kitui na mbuzi wake na shamba la ndengu. Ukimkuta na leso akipepeta ndengu, huwezi jua huyu mama amefanya kazi ya kompyuta Nairobi zaidi ya miaka 30. Alianza 1971 akiwa msichana wa kutoboa kadi, akastaafu akiwa anaandika programu.

Kutoboa kadi? Hata mimi nilicheka. Kumbe zamani kompyuta haikuwa na skrini ya kuandikia. Ilikuwa inalishwa kadi ngumu za karatasi, na muundo uliotumika sana ulitoka IBM mwaka 1928: safu 80 kwa kila kadi, safu moja herufi moja. Mashine ilisoma mahali palipo na tundu. Ukikosea, hakuna kufuta. Kadi inatupwa, unaanza upya.

Sasa fikiria. Safu 80 tu, na unataka jina la mtu, namba yake, tarehe ya kuzaliwa na mshahara. Lazima ubane. Kwa hivyo 1971 iliandikwa 71. Safu mbili zimeokolewa kwa kila tarehe, na kadi ni maelfu kwa maelfu. "Haikuwa ujinga," susu aliniambia. "Ilikuwa hesabu. Hakuna mtu alidhani programu zetu zitaishi miaka 30."

Ziliishi. Kadi zikaisha, lakini ile tabia ya tarakimu mbili ikabaki ndani ya programu. Mwaka 2000 ulipokaribia, dunia ikashtuka: kompyuta itasoma 00 na kudhani ni 1900. Mtu wa 1948 angehesabiwa kuwa na umri wa kutoa 48! Mabilioni ya dola yakatumika kurekebisha. Susu na wenzake walikesha kazini usiku wa 31 Desemba 1999 wakingoja saa sita ifike. Ilifika, mashine zikaendelea, wakanywa chai. Watu wakasema ilikuwa kelele za bure. Susu bado hukasirika akisikia hivyo, kwa sababu haikuharibika juu watu walifanya kazi.

Hapo ndipo nikamuuliza: na majina je, mliyabana pia?

Alinyamaza kidogo, akaniambia nimletee Mbivilia yake. Kikamba kina irabu saba, si tano kama Kiswahili. Ndiyo maana tuna ĩ na ũ. Mũndũ ni mtu. Mũsyĩ ni nyumbani. Ile Mbivilia imejaa hizo alama kila ukurasa. Lakini mashine ya susu ilijua A mpaka Z peke yake. Kwa hivyo alitoboa majina ya watu, siku baada ya siku, bila alama. La kwake pia. Jina lake lina ũ, na ndilo nililorithi mimi.

"La kwangu nililikata mwenyewe, kwa mkono wangu," akasema.

Tuseme ukweli, kompyuta haikuanza haya. Makarani wa taipureta walikuwa washaanza. Tofauti ni kwamba karatasi ungeweza kuchukua kalamu ukaongeza alama. Mashine hairuhusu kalamu. Halafu rekodi moja inanakiliwa kwa nyingine: shule, kitambulisho, benki, na zote lazima zifanane. Mwaka jana nilijaza fomu moja mtandaoni nikaandika jina langu na ũ yake. Fomu ikaniambia jina lina herufi zisizokubalika. Manze, jina langu mwenyewe!

Na si ati teknolojia haiwezi. ASCII ya 1963 ilitengenezwa kwa Kiingereza, sawa. Mwaka 1987 ikaja orodha ya Latin-1, ikawapa Wareno ã na õ zao na Wahispania ñ yao. ĩ na ũ? Hazikuwemo. Lakini tangu Unicode ya 1991, namba zao zipo. Yaani hata kabla sijazaliwa, kompyuta ilikuwa na uwezo wa kuandika jina langu vizuri.

Sasa mbona mwaka ulirekebishwa na jina likaachwa? Mimi naona hivi: mwaka ulikuwa na wenyewe. Benki na mashirika ya ndege yangepoteza pesa. Jina la mtu wa Mutomo halikuwa na mtu wa kulidai. Hata sisi hatujalidai. Redio yetu tunaandika Musyi, na hakuna anayeshtuka.

Susu hana huruma na hii hadithi ya kulia. Anasema kila kitu ndani ya kompyuta kuna mtu alikiamua, na kinaweza kuamuliwa tena. Na nafasi iko hapa kwetu. Konza, ekari 5,000 za Malili zilizonunuliwa 2009 na Kibaki akazindua ujenzi Januari 2013, iko Makueni. Kituo cha data cha taifa kiko pale. Sisemi mashine zake haziwezi kuandika mũndũ. Zinaweza. Nauliza tu kama kuna mtu ameziagiza. Na hizi akili bandia zinajifunza kwa yale tunayoandika. Tukiandika Kikamba nusu, zitakijua nusu.

Kwa hivyo mimi nimeanza na simu. Niliongeza kibodi yenye ĩ na ũ, dakika mbili tu, nikabadilisha jina la susu kwa kontakti zangu. Fanya hivyo pia, hata kama kwenu ni Kikikuyu, kwa sababu herufi ni hizo hizo. Na fomu ikikataa jina lako, piga skrinshoti uwatumie wenye fomu. Nilipomtumia susu jina lake limekamilika, alinipigia simu. Hakuongea mambo mengi. Aliuliza hiyo kibodi inaitwaje, anataka kuiweka kwa yake.