Kifungu cha 15: neno lenye kuchokesha, na mahali lilitokea

Ndugu na dada zangu wenye diplome, kuna neno moja lenye kila mmoja wetu amekwisha kulisikia tangu siku ya kuvaa toga. Unasema haujapata kazi, baba mdogo anakujibu: «Kifungu cha 15!» Unauliza mshahara wa miezi mitatu, mkubwa wa kazi anacheka: «Tumia Kifungu cha 15.» Toka Goma mpaka Lubumbashi maana yake ni moja: débrouillez-vous, ujitafutie.

Tufungue kwanza Katiba yenyewe, juu wengi wanataja hicho kifungu bila kukisoma. Kifungu cha 15 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 hakisemi lolote juu ya kujitafutia maisha. Kinaongea juu ya ubakaji na jeuri zote za kingono: kinaagiza wenye madaraka wahakikishe zinakomeshwa, na kinazihesabu kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu pale zinapofanywa kwa nia ya kuvunja jamaa au kumaliza watu wazima wazima. Kwetu huku mashariki, hicho si kifungu cha kuchezea. Habari za kazi ziko katika kifungu cha 36: kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na Leta inahakikisha haki hiyo pamoja na ulinzi dhidi ya ukosefu wa kazi. Sijasikia mtu akitaja 36 kwenye kituo cha moto.

Basi hii 15 ilitoka wapi? Masimulizi yenye kujulikana zaidi yanatupeleka Kasai. Tarehe 8 Agosti 1960, hata wiki sita hazijapita tangu uhuru, Albert Kalonji na wenzake walitangaza kwamba Kasai ya Kusini inajitenga. Makao yake makuu yalikuwa Bakwanga, ndiyo Mbuji-Mayi ya leo. Almasi ilikuwapo, lakini chakula hapana. Waluba wengi sana waliofukuzwa Luluabourg na mahali pengine walikuwa wamefika huko mikono mitupu, na kufikia mwisho wa mwaka ule njaa ilikuwa inaua watu, mpaka Umoja wa Mataifa ukaleta vyakula. Inasimuliwa kwamba wakimbizi walipoenda kulia mbele ya wakubwa, walijibiwa: nchi ni yenu, mjitafutie, ndivyo kifungu cha 15 cha katiba kinavyosema. Wengine wanasema ulikuwa mzaha wa raia tu. Kama ni mzaha, kwangu mimi una uzito zaidi, juu basi ni mwenye njaa alikuwa anamcheka mwenye kiti.

Chini ya Mobutu neno likageuka upande. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, mishahara ikakosa nguvu. Katika hotuba yake ya mwaka 1976 Mobutu alifika hata kuwaeleza watu kwamba kuiba kidogo, kwa ujanja, kunaweza kuvumilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serkali ikaruhusu watu binafsi kuchimba na kuuza almasi na dhahabu, na kuna walimu walioacha chaki wakashika sururu. Pepe Kalle akaimba «Article 15, Beta Libanga», na kuvunja mawe kukawa sifa. Tangu hapo wenye kulitamka neno si wenye njaa peke yao. Wakubwa nao walilipokea, tena kwa furaha, juu liliwapunguzia kazi.

Sidharau kujitafutia, hapana. Mwaka 1991 Janet MacGaffey alitoa kitabu juu ya uchumi huo usioandikwa popote, na ndani yake mtafiti wetu Vwakyanakazi Mukohya alieleza namna wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini walivyoujenga. Wengi kati yetu minerval yetu ililipwa na mama mwenye kuuza sombe sokoni. Kinachonichoma ni kulisikia neno hilo katika kinywa cha mtu mwenye ofisi, bajeti na gari la Leta.

Angalia lilivyoingia shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Leta haikuweza tena kulipa walimu, migomo ikafunga masomo, na mwaka 1992 wazazi wakakubali, Kanisa Katoliki likiwa katikati, kuongezea walimu kitu kidogo ili watoto warudi darasani. Ilitakiwa iwe msaada wa muda. Ulikaa zaidi ya miaka 25. Kizazi chetu kizima kimejua asubuhi ya kufukuzwa kwa sababu ya «prime ya mwalimu», na mwalimu mwenyewe amejua aibu ya kuwafukuza watoto wa jirani zake. Hakuna sheria iliyoandika jambo hilo kwa jina la Kifungu cha 15, lakini ndicho kilichotumika.

Mwezi wa Septemba 2019 shule ya msingi ya Leta ikawa ya bure, na madarasa yakajaa. Ila walimu wengi hawakuwa kwenye listi ya mishahara, hata wale wenye diplome kama sisi. Katika makaratasi wanaitwa NP, yaani wasiolipwa, na saa moja na nusu ya asubuhi wanakuwa mbele ya ubao.