Anayeteua na Anayeteuliwa

Kwa Waashanti wa Ghana, mfalme hapatikani mpaka mwanamke aseme. Kiti kikibaki wazi, mama malkia, wanayemwita ohemaa, ndiye anayelitaja jina la mrithi, kwa kuwa ukoo hufuata upande wa mama na yeye ndiye anayejua nani kazaliwa na nani. Wazee wakilikataa jina hilo, hurudi na jingine. Si lazima ohemaa awe amemzaa mfalme. Huweza kuwa dada yake au mama yake mdogo. Na mfalme akipotoka, ohemaa ana haki ya kumkemea mbele ya baraza. Mwaka 1900, mfalme wa Waashanti, Asantehene Prempeh I, akiwa uhamishoni, ni Yaa Asantewaa, ohemaa wa Ejisu, aliyewaongoza watu wake vitani dhidi ya Waingereza.

Wakoloni waliwatambua machifu wanaume tu. Miaka ya 1920 mtafiti Mwingereza, R. S. Rattray, aliwauliza wazee mbona hakuwahi kusikia habari za nafasi ya wanawake hao. Wakamjibu kuwa wazungu hawakuwahi kuuliza. Jibu hilo wangelisikia wale wanaotuambia hadi leo kwamba uongozi wa mwanamke ni mambo ya wafadhili!

Hata hivyo sitaupamba utawala wa jadi. Ohemaa hutoka ukoo wa kifalme. Binti wa mkulima hana lake pale. Rwanda nako, mama malkia Kanjogera alimtawaza mwanawe Musinga baada ya mapinduzi ya Rucunshu ya 1896, akashika hatamu pamoja na kaka zake. Lakini nguvu zake zilisimama juu ya mwana: Wabelgiji walipomwondoa Musinga mwaka 1931, zilikwisha naye.

Sasa tuje Dodoma. Katiba ya Tanzania inataka viti maalum vya wanawake visivyopungua asilimia 30 ya wabunge wengine, na hilo limeujaza ukumbi sauti ambazo majimbo yasingezileta. Tatizo ni nani anazichagua. Vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5 ya kura za ubunge hugawana viti, na majina hutoka chamani. Mwananchi hamwoni mgombea wa viti hivyo kwenye karatasi ya kura. Kisha mteule huyo anaingia bungeni akiwa pungufu: Mfuko wa Jimbo haumhusu, na Ibara ya 51 inataka waziri mkuu awe mbunge wa jimbo. Ohemaa huteua, mbunge huyu huteuliwa, na anajua fika ni nani wa kumpendeza ili arudi.

Wapo waliovifanya viti hivyo ngazi. Rais Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum, akagombea ubunge wa jimbo la Makunduchi mwaka 2010 akashinda. Lakini wangapi hubaki kwenye kidato cha kwanza?

Kenya haijafikia theluthi ya wanawake bungeni ambayo katiba yake ya 2010 inadai, ila jambo moja imelipatia: wawakilishi wa wanawake wa kaunti zote 47 huchaguliwa na wapiga kura, wanaume kwa wanawake. Nasi tuyapeleke majina ya viti maalum kwa wapiga kura wa mkoa, na Ibara ya 51 irekebishwe.