Ilimba, Gitaa na Vikuza Sauti

Mtu asikiapo neno kikuza sauti, fikira zake hukimbilia kwenye umeme. Lakini kazi ya kuikuza sauti ni ya kale kuliko umeme. Katika nchi ya Ugogo, sauti ya zeze hukuzwa na kibuyu, na sauti ya ilimba hukuzwa na sanduku la mti. Katika sanduku hilo fundi hutoboa tundu, kisha hulifunika kwa utando mwembamba ambao buibui huhifadhia mayai yake. Vyuma vipigwapo, utando hutetemeka na kutoa mvumo kama wa nyuki. Mvumo huo si kasoro. Umetiwa kwa makusudi, nao huzidisha juu ya sauti kuu sauti nyingine ndogo ndogo, hata chombo kimoja kikasikika kama kundi.

Gitaa nalo lilianza na sanduku la mti. Liliposhindwa kusikika mbele ya tarumbeta na ngoma za dansi, wenzetu wa Marekani walilitia umeme katika miaka ya 1930. Vikuza sauti vya wakati ule vilitumia valvu, yaani chupa ndogo za kioo zilizoondolewa hewa, zenye waya uwakao ndani. Vilikuwa vizito, vilitoa joto jingi, na valvu zake zilichakaa. Hata hivyo vilikuwa na tabia moja ya ajabu: vilipozidishiwa nguvu, sauti haikukatika kwa ghafula, bali ilijikunja taratibu ikawa nzito, yenye mkwaruzo mtamu.

Mwaka 1947 transista ilibuniwa huko Marekani. Baadaye ilituletea vikuza sauti vyepesi visivyohitaji kupashwa moto. Lakini navyo vilipozidiwa, vilikata kilele cha wimbi la sauti kama kwa panga, na sikio likaumia. Leo vipo vikuza sauti vyenye kompyuta ndani yake, na kazi wanayosifiwa kwayo ni kuiga valvu za zamani. Tazama basi mzunguko huu: mafundi walihangaika kuuondoa mkwaruzo, na sasa wajukuu wao wanautafuta kwa fedha.

Hapa kwetu, bendi za uwanda wa kati kama Kiko Kids na Tabora Jazz, na jirani zao Morogoro Jazz, zilijenga dansi juu ya gitaa la umeme. Ilipoundwa NUTA Jazz mwaka 1964, vyombo vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa na vidole. Shirika lilikuwa na vyombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, vipuri navyo viliadimika. Kikuza sauti kikuukuu kikatunzwa kama ng'ombe wa maziwa wakati wa kiangazi, si kwa kuupenda ukale, bali kwa kukosa kingine.

Na ilimba je? Tunalo jambo la kukiri. Miaka mingi iliyopita, tukiwa katika kamati ya tamasha moja la shule mjini Dodoma, tulimwalika mzee mmoja mpigaji. Fundi wa mitambo alilalamika kwamba chombo cha mzee kinakoroma. Akashauri tundu lizibwe kwa karatasi ya gundi, nasi tukakubali. Mzee alitutazama, akasema kwa upole, "Wanangu, mnataka niimbe nimefumba mdomo?" Alipiga hivyo hivyo. Sauti ilitoka safi, kubwa, na tupu. Wanafunzi walipiga makofi ya adabu. Aibu ile tunayo mpaka leo, kwa kuwa fundi alikuwa mgeni wa chombo kile, lakini sisi hatukuwa wageni.

Kwamba umeme na ilimba vinaweza kupatana, marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doduma katika mkoa wa Dodoma mwaka 1938, alikwisha kuthibitisha. Mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake, ilitolewa santuri yake iitwayo Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Humo mitambo ya kisasa inakaa pamoja na sauti ya Kigogo.

Hatusemi kwamba cha kale ni bora kwa kuwa ni cha kale. Valvu iliunguza, na kibuyu hupasuka. Tunasema kwamba kila chombo kina sauti yake, na kikuza sauti ni mtumishi wa sauti hiyo. Mwalimu atakayemwalika mpigaji shuleni na amwulize kwanza: "Mzee, sauti yako nzuri ni ipi?" Kisha ndipo amwite fundi. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Waliokwisha kuuacha mbachao wao wanaununua upya kwa bei kubwa. Sisi wetu ungali umetandikwa nyumbani.