Kiti Barazani: Watu Wenye Ulemavu na Mabaraza ya Kampala



Neno baraza unalijua. Ukifika Lamu au Unguja utaoneshwa benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba. Hapo wageni hupokelewa, kahawa hunywewa na habari za mtaa hujadiliwa. Neno hilohilo tunalitumia kwa mkutano wa wenye mamlaka: baraza la mawaziri, baraza la jiji, baraza la kijiji. Katika maana zote mbili baraza ni mahali pa kuketi, na swali linalotangulia sera na bajeti ni hili: nani amewekewa nafasi ya kuketi?

Leo nakualika utazame swali hilo mjini Kampala. Kisheria, kila baraza la serikali ya mitaa nchini Uganda lina madiwani wawili wanaowakilisha watu wenye ulemavu, na mmoja wao lazima awe mwanamke. Nchi nyingi zenye utajiri mkubwa kuliko Uganda hazina sharti kama hilo. Waswahili husema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi tuulize viti hivi viliundwaje, na vimemletea nini mtu mzima mwenye ulemavu anayeishi Kawempe au Makindye.

Zamani za ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, ulemavu ulitazamwa kama jambo la huruma. Mwaka 1955 ilitungwa sheria ya kuanzisha wakfu wa kuwahudumia wasioona. Baada ya uhuru wa 1962, serikali ilianzisha vituo vya kuwafunza ufundi watu wenye ulemavu, kimojawapo kikiwa Kireka, mashariki ya Kampala. Kazi hiyo ilikuwa njema, wala tusiibeze: mtu aliyefunzwa kushona nguo au viatu aliweza kujitafutia riziki. Hata hivyo, ziangalie sentensi za zama zile. Mtu mwenye ulemavu alihudumiwa, alifunzwa, alisaidiwa. Vitenzi vyote viko katika kauli ya kutendwa. Aliyeamua alikuwa mwingine.

Mwaka 1986 serikali mpya ya Yoweri Museveni ilieneza nchini mabaraza ya upinzani, yaliyozaliwa wakati wa vita vya msituni. Kila kijiji kilikuwa na kamati ya watu 9, na kila mjumbe alikuwa na jukumu lake: wanawake, vijana, ulinzi, fedha, habari na mengineyo. Watu wenye ulemavu hawakuwa na nafasi yao katika orodha hiyo. Tena wapigakura walijipanga mstari nyuma ya mgombea wao. Hebu fikiri: asiyeweza kusimama angejipangaje? Kiziwi angejuaje ni nani aliyetajwa? Asiyeona angehakikishaje kwamba ameongozwa kwenye mstari alioutaka yeye, si ule alioutaka aliyemshika mkono?

Jibu la watu wenye ulemavu lilikuwa umoja. Mwaka 1987 vyama vya wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa viungo na wengineo viliunda Umoja wa Kitaifa wa Watu Wenye Ulemavu wa Uganda, unaofahamika kwa kifupi chake, NUDIPU. Umuhimu wa hatua hii unaonekana ukikumbuka kwamba mahitaji yao hayafanani. Anayetumia kiti cha magurudumu hulilia njia ya mteremko badala ya ngazi. Kiziwi hulilia mkalimani. Kila kundi likienda peke yake, mtawala hulipa moja na kuyanyamazisha mengine. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja huo ulipata mjumbe katika Bunge la Katiba lililochaguliwa mwaka 1994, na matunda yake yamo katika Katiba ya 1995. Ibara ya 35 inatamka haki ya watu wenye ulemavu ya kuheshimiwa na kutunziwa utu wao. Malengo ya taifa yaliyomo mwanzoni mwa Katiba hiyo yanaitaka serikali ikuze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Mwaka 1996 wabunge 5 wa kuwakilisha watu wenye ulemavu waliingia bungeni, miongoni mwao Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi. Mwaka uliofuata, Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikaleta viti viwili katika mabaraza. Kampala ilipopewa sheria yake ya jiji kuu mwaka 2010, kanuni hiyo ilihifadhiwa, katika baraza la jiji na katika divisheni zake 5: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga.

Sasa tufike penye ugumu, kwa maana historia isiyofika penye ugumu huwa ni hotuba ya sherehe tu. Kiti si huduma. Madiwani wawili hawawezi kupitisha bajeti bila kura za wenzao. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, ikawa na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2006, kisha sheria mpya ya mwaka 2020. Maneno yapo. Lakini diwani anayetumia kiti cha magurudumu akichaguliwa, halafu kikao kikafanyika ghorofani katika jengo lisilo na lifti, amepewa haki isiyoweza kumfikisha mezani.

Tazama pia msaada wenyewe. Serikali kuu hutoa ruzuku maalumu kwa watu wenye ulemavu, nayo hupitia serikali za mitaa. Anayeitaka hujiunga na wenzake katika kikundi, wakaandika mpango wa mradi, labda wa kufuga kuku au wa cherehani, kisha wakauwasilisha kwa afisa maendeleo ya jamii. Utaratibu huu unawafaa wenye nguvu za kufanya biashara. Je, mtu mzima ambaye ulemavu wake haumruhusu kufanya kazi yoyote, anayelishwa na kuogeshwa na mama yake mzee? Huyo mradi wa kuku haumfai. Posho ya kila mwezi ya serikali huwalenga wazee. Ulemavu peke yake haumpi mtu posho hiyo. Yeye huachiwa jamaa zake, na jamaa wakichoka au wakifariki, swali hurudi mlangoni mwa baraza. Sensa ya mwaka 2014 ilionesha kwamba takriban asilimia 12 ya Waganda waliishi na ulemavu wa namna fulani. Idadi hiyo si ya kando.

Wengine husema viti hivi ni pambo tu, afadhali vifutwe fedha zielekezwe kwenye huduma. Sikubaliani nao. Zama za vituo zimekwisha kutufundisha kwamba huduma isiyo na msemaji hukoma siku mfadhili anapoondoka. Tena diwani mwenye ulemavu hana budi kusikilizwa, na kumbukumbu za kikao huandika alichosema. Kosa halipo katika kuweka kiti. Kosa ni kuweka kiti kisha kudhani kazi imekwisha.

Nimalizie kwa jambo la lugha, maana ndilo lililotukutanisha. Katika Kiswahili maneno kipofu, kiziwi na kilema huanza kwa ki-, kama kiti na kisu, ingawa katika sentensi husema kiziwi amefika, si kiziwi kimefika. Sarufi yenyewe ilikubali kwamba huyu ni mtu. Leo wengi hupendelea kusema mtu mwenye ulemavu au mtu asiyeona, ili utu utangulie hali. Jirani zetu wa Kiganda nao wana abantu abaliko obulemu, na neno la kwanza, abantu, ni watu.

Kuna methali isemayo: hujafa hujaumbika. Mara nyingi hutumiwa kumwonya anayecheka ulemavu wa mwenzake. Mimi naisoma pia kama somo la uraia. Ajali ya bodaboda, maradhi au uzee vyaweza kumfanya yeyote kati yetu awe mtu anayewakilishwa na viti vile viwili. Kwa hiyo, ndugu msomaji, wiki hii nenda katika ofisi ya divisheni yako uulize majina ya madiwani hao wawili. Ulizia pia kikao kijacho kitafanyika wapi, kisha uhesabu ngazi za kufikia chumba hicho.